UZI: Uchungu wa mama katika chapa za Käthe Kollwitz – zilivyotengenezwa, na kwa nini weusi ni mwingi

#1 BobariNaWino

Wakuu, salaam.

Kwa Kiswahili tukisema mwanamke kashikwa na uchungu, kila mtu anajua anakwenda kujifungua. Tukisema mama ana uchungu wa mwanawe, tunajua kafiwa. Neno ni lilelile. Sijui msanii aliyelichora neno hilo kwa pande zake zote mbili kuliko Mjerumani Käthe Kollwitz (1867–1945). Mikono inayozika kwenye chapa zake ni mikono inayonyonyesha, na magoti ni yaleyale.

Nafungua uzi huu tuizungumzie kazi yenyewe: bamba (sahani ya madini inayochapia picha), nta, mbao na jiwe. Sababu ni kwamba kila anapotajwa, watu husema "alifiwa na mwanawe vitani, ndiyo maana akachora huzuni". Hebu tazameni miaka. Chapa yake ya *Mwanamke na Mtoto Aliyekufa* ni ya 1903. Mwanawe Peter aliuawa Ubelgiji Oktoba 1914. Chapa imemtangulia msiba kwa miaka 11. Kwa hiyo huzuni iliyomo haikumwagika tu kutoka moyoni. Alikaa akaitafuta, akaitengeneza kwa zana.

Kwa wasioijua: mwanamke uchi kakaa chini, kakunja miguu, kamzingira mtoto kwa mwili wake wote. Uso kauzamisha kwenye kifua cha mtoto kana kwamba anatafuta pumzi iliyobaki. Mtoto kichwa kimelegea nyuma, uso mweupe, tulivu. Mama ndiye mzito na mweusi. Picha ina upana wa karibu sentimita 49 na kimo cha 42 hivi, kwa hiyo ukisimama mbele yake goti lile linakujia kubwa kweli.

Wenye kujua mabamba, karibuni.

#2 Mwanakombo_K

Asante mkuu. Swali: mfano wa kuchora aliupata wapi? Mkao ule si wa kubuni kichwani, bega limebeba uzito halisi.

#3 BobariNaWino

Dada Mwanakombo, umeona vizuri. Alijichora mwenyewe kwenye kioo, na mtoto mikononi ni huyo huyo Peter, akiwa na miaka saba. Baadaye alieleza katika barua kwamba mkao ulimchosha hadi akaguna, na mtoto akamtuliza, akamwambia anyamaze, itapendeza sana. Rafiki yake Beate Bonus-Jeep alipoiona kwenye maonyesho alishtuka, akadhani Peter kapatwa na jambo.

Uzito ulioutaja ni wa mtoto wa miaka saba anayejilegeza kwenye mkono wa mtu anayeshika penseli kwa mkono mwingine. Mtoto mchanga asingeleta bega lile.

#4 NtaNaShaba

Niingie kwenye bamba: unalipaka nta, unachora kwa kuitoboa nta, kisha asidi inakula madini pale palipo wazi na wino unakaa humo. Hii si mbinu moja, ni tano zimelazwa juu ya sahani moja: mistari ya sindano kwenye nta ngumu, sindano kavu, msasa, nta laini iliyokandamiziwa karatasi yenye mistari, na karatasi ya kuhamishia ya Ziegler. Kila moja ina kazi yake mwilini. Mistari ya sindano inashika mifupa na nywele. Nta laini inatoa ngozi. Msasa unatoa kivuli chenye chembechembe. Sindano kavu inakoleza pale alipotaka weusi wenye manyoya.

Kwa anayetaka kujaribu nta laini, utaratibu huu unafanya kazi:

Piga tupa kingo za bamba zilale kwa nyuzi 45, la sivyo zitakata blanketi za presi. Ondoa mafuta kwa unga wa chokaa na maji mpaka maji yatandae bila kugawanyika. Nta laini ni nta ngumu ya kawaida, sehemu 2, ikayeyushwa na sehemu 1 ya mafuta ya mnyama au vaselini. Pasha bamba kidogo, pitisha nta kwa rola, iwe nyembamba kiasi cha kuona mng'ao wa madini chini yake. Likipoa, laza karatasi yenye mistari juu na uchore kwa penseli bila kuegemeza mkono. Weka kibao juu ya vitu viwili pembeni, mkono ukae hapo. Ukiinua karatasi, nta inaondoka nayo pale tu ulipokandamiza, na asidi itakula hapo.

Kwa shaba tumia kloridi ya chuma, dakika 20 hadi 40, ukijaribu kwanza kipande cha pembeni. Kwa zinki, asidi ya naitriki sehemu 1 kwa maji 10 au 12, na ufagie mapovu kwa unyoya maana povu likikaa linaacha doa jeupe. Asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji. Ukimimina maji kwenye asidi inaruka usoni. Madirisha wazi, glavu, miwani.

Kinachoharibika mara nyingi: nta nene. Inanata kwenye karatasi kwa mabaka, picha inatoka kama ukuta uliobanduka chokaa. Pia joto. Mchana wa Dar au Mombasa nta laini hubaki laini kupita kiasi, kila kidole kinaacha alama na alama hiyo inachapika. Punguza mafuta hadi robo, au fanya kazi alfajiri.

#5 Mwanakombo_K

Na msasa unautumiaje, mkuu? Unasugua?

#6 NtaNaShaba

Hapana, ukisugua unapata mikwaruzo yenye mwelekeo. Paka nta ngumu, laza msasa uso chini, pitisha kwenye presi kwa mkandamizo mdogo. Inua, zungusha robo, pitisha tena. Mara tatu hadi tano. Kila chembe ya mchanga inatoboa nta tundu dogo, na asidi ikiingia unapata kivuli cha chembechembe. Sehemu unazotaka zibaki nyeupe (uso wa mtoto!) unazifunika kwa vanishi kabla ya kutia asidini. Msasa namba 180 hadi 220 unatosha. Ulio mkali zaidi unararua nta vipande vipande.

Kuhusu sindano kavu: weusi wake unatoka kwenye vinyweleo vya madini vinavyosimama kando ya mstari na kushika wino. Presi inavilaza kila inapopita. Baada ya nakala kama 20 au 30 mstari unaanza kukonda. Ukilinganisha nakala mbili za bamba moja na moja ikaonekana baridi, angalia hapo kwanza.

#7 Msomaji_Kimya

Wakuu, samahani nikizua ubishi. Wengi humweka Kollwitz kwenye ekspresionizimu (sanaa inayopinda umbo ili hisia ionekane), lakini hakuwa mwanakikundi. Kikundi chao, Die Brücke, kiliundwa Dresden 1905, akina Kirchner, Heckel, Schmidt-Rottluff na Bleyl. Yeye hakuwahi kuwa humo, na chapa hii ya 1903 ni ya uhalisia. Tusimvike vazi lisilo lake.

#8 BobariNaWino

Mkuu, si ubishi, ni hoja ya haki. Hadi Vita vya Kwanza ni kweli kabisa. Lakini tazama kilichotokea baadaye. Kwa mfululizo wake kuhusu vita alijaribu kwanza bamba la asidi, akaacha. Akajaribu litografia (kuchapa kutoka kwenye jiwe lililochorwa kwa krayoni ya mafuta), akaacha. Mwaka 1920 aliona michongo ya mbao ya msanii mwenzake Ernst Barlach kwenye maonyesho Berlin, ikamtikisa, na akiwa anakaribia miaka 53 akaanza kujifunza mbao. Mfululizo wa *Vita*, michongo saba, aliukamilisha 1922 na ukatolewa 1923. Hapo lugha ni ya ekspresionizimu hata kama uanachama haupo: umbo limepunguzwa, nafasi ya nyuma imefutwa, weusi ndio unaosema.

Majina yake kwa Kiswahili, kwa mpangilio: *Sadaka, Waliojitolea, Wazazi, Mjane I, Mjane II, Akina Mama, Umma*. Katika saba hizo hakuna adui hata mmoja, wala uwanja wa mapigano. Wanaoonekana ni waliozaa na waliobaki, pamoja na vijana wenyewe katika *Waliojitolea*, wanaofuata ngoma inayopigwa na Mauti, na Peter yuko karibu kabisa na mpiga ngoma.

*Sadaka* ndiyo inayonikaa moyoni zaidi. Mama anamnyanyua mtoto mchanga, anamtoa. Peter alikuwa chini ya umri, alihitaji ruhusa ya baba yake ili ajiunge na jeshi. Baba alikataa, Käthe ndiye aliyemsihi mumewe akubali. Ukilijua hilo, ile mikono inayonyanyua mtoto huwezi kuiona tena kama mikono ya mtu aliyeporwa tu.

#9 PatasiYaMvule

Kuhusu mbao niseme, maana ndiko niliko.

Bamba la asidi unaanza na weupe, unaongeza weusi. Mbao unaanza na weusi mtupu: usipochonga chochote, inachapa mraba mweusi. Kila pigo la bobari (patasi yenye ncha iliyopinda) ni mwanga unaouingiza. Tazama *Wazazi*: baba na mama wamepiga magoti wameegemeana mpaka wamekuwa gogo moja, baba kafunika uso kwa mkono, mama kauinamisha mwili wote kwake. Mwanga ni michirizi michache tu kwenye mikono na mikunjo. Toleo la kwanza la mchongo huo alilikataa. Aliandika kwamba limekuwa jeupe mno, gumu na wazi mno, na kwamba uchungu ni giza tupu. Hilo ni neno la fundi kwa fundi: kachonga kupita kiasi, mbao haina kurudi nyuma, inabidi kuanza upya.

Ndiyo hitilafu ya kwanza ya kila anayejifunza. Mkono unaona raha kuchonga, unaendelea, na uso wa mfiwa unageuka uso wa mtu aliyekunjamana tu.

Hatua zangu kwa chapa ya sm 30 kwa 40:

Plaiwudi ya mm 6 yenye uso laini, isiyo na fundo. Ipige msasa 240 kufuata nyuzi. Mninga una vinyweleo vikubwa, weusi utatoka na vitobo vyeupe. Mpingo utakuvunjia zana. Paka uso mzima wino mweusi uliozimuliwa, ukauke, kisha chora kwa chaki. Hivyo unaona tangu mwanzo: chaki na mchongo ni mwanga, kilichobaki ni giza. Kumbuka picha inageuka kushoto kulia. Mama anayempakata mtoto mkono wa kushoto atachapika wa kulia.

Bobari ya V ya mm 2 kwa michirizi, bobari ya U ya mm 5 na ya mm 10 kwa kufungua maeneo. Kina cha mm 2 kinatosha kwenye michirizi. Maeneo mapana fika mm 3 au zaidi, la sivyo rola itagusa chini na kuacha takataka za wino. Mkono usioshika bobari ukae NYUMA ya ncha daima. Ukichonga kukatiza nyuzi, kata kwanza mpaka kwa kisu, vinginevyo tabaka la juu linang'oka na kuchukua kidole ulichokuwa umekichora.

Wino wa mafuta, tandaza kwenye kioo mpaka rola itoe sauti ya mchakacho mwembamba. Ikitoa sauti ya kunata, wino ni mwingi na utaziba mistari. Tabaka jembamba mara tatu au nne, si nene mara moja. Karatasi nyepesi, gramu 60 hadi 90. Kama huna presi, sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao au upawa uliolainishwa, kutoka katikati kwenda nje, dakika 15 bila haraka. Inua pembe moja uangalie. Ukiona kijivu rudisha na usugue hapo tena.

#10 Mwanakombo_K

Hiki nilikuwa sikijui, kwamba giza ndilo linalotangulia. Basi *Mjane I* naielewa sasa. Ni mjamzito, kajikumbatia, mikono mikubwa, na tumbo halikuchorwa bali limeachwa jeusi.

#11 PatasiYaMvule

Ndivyo. Ameliacha kwenye mbao.

#12 ShashiNyeupe

Naomba niongeze wawili, kwa ufupi, ili Kollwitz asionekane yuko peke yake.

Edvard Munch wa Norway: mama yake alikufa kwa kifua kikuu 1868, Edvard akiwa na miaka mitano, dada yake Sophie akafa kwa ugonjwa huohuo 1877, akiwa na miaka 15. *Mtoto Mgonjwa* aliipaka mara ya kwanza 1885–86 na akairudia kwa rangi hadi zikawa sita, mbali na chapa. Kwenye ile ya kwanza alipaka, akakwangua, akapaka tena, na mikwaruzo imebaki wazi kwenye kitambaa. Tazameni anachokifanya na mtu mzima aliyeketi kando ya kitanda: kainamisha kichwa, uso hauonekani. Mgonjwa ndiye anayetazama. Mchoraji dhaifu angeweka machozi kwenye uso wa mama.

Paula Modersohn-Becker, mchoraji Mjerumani: huyu ni upande wa uzazi. Mwaka 1906 alijichora tumbo likiwa kama la mjamzito ilhali hakuwa na mimba. Mwaka uliofuata alijifungua binti tarehe 2 Novemba, akaamriwa alale kitandani, na tarehe 20 Novemba alipoinuka akaanguka na kufa kwa damu iliyoganda na kuziba mshipa. Alikuwa na miaka 31. Akina mama aliowapaka wakinyonyesha wamelala chini kama ardhi yenyewe, hakuna mapambo, hakuna utakatifu wa kubandika. Tukimsoma kwa kifo chake tu tunaharibu. Alipaka uzazi kama nguvu, na tuuache uwe nguvu.

#13 Msomaji_Kimya

Nakubaliana na #8 na nashukuru kwa kunisahihisha kwa upole. Na sanamu je? Nasikia ile ya wazazi ilimchukua miaka mingi.

#14 BobariNaWino

Karibu 18, mkuu. Wazo lilianza Desemba 1914, wiki chache baada ya habari za kifo. Mpango wa kwanza ulikuwa Peter mwenyewe amelala, baba kichwani, mama miguuni. Mwaka 1919 aliuacha. Aliporudi katikati ya miaka ya 1920 alikuwa amemwondoa mwana kabisa. Wamebaki baba na mama wamepiga magoti, kila mmoja juu ya jiwe lake, na kati yao pako wazi. Hapo ndipo kazi ilipokamilika: aliyekufa hayupo kwenye sanamu, yuko kaburini mbele yao.

Vielelezo vya plasta vilikuwa tayari 1931, mafundi wengine wakavichonga kwenye graniti, na Julai 1932 vikawekwa makaburini Roggevelde, Ubelgiji. Miaka ya 1950 makaburi yalihamishwa, na sanamu sasa ziko Vladslo, mbele ya askari zaidi ya 25,000. Baba ana sura ya Karl, mumewe. Amenyooka, mikono kajikumbatia kwa nguvu, anatazama. Mama kainama, hatazami. Watu wawili waliofiwa na mtoto mmoja, na hawagusani. Kwenye mchongo wa *Wazazi* walikuwa gogo moja. Kwenye graniti wametengana. Kila aliyewahi kuona nyumba iliyofiwa na mtoto anajua kwamba yote mawili ni kweli.

Na kwa sisi: vita hivyohivyo vilipigwa hapa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya shaba nyeusi, iliwekwa 1927, miaka mitano kabla ya ile ya wazazi. Askari kashika bunduki yenye singe. Wapagazi waliokufa njiani kwa maelfu wametuachia jina la Kariakoo. Mama zao hawana jiwe mahali popote katikati ya jiji. Nasema hivyo si kwa kuilaumu sanamu, bali kuonyesha jinsi uamuzi wa Kollwitz ulivyokuwa mgeni kwa zama zake: mnara wa vita usio na silaha.

#15 NtaNaShaba

Tusisahau litografia, maana uzeeni ndiyo aliyoirudia. Mfululizo wa *Mauti*, picha nane, 1934–37. Wakati huo Wanazi walikwishamlazimisha kutoka kwenye Chuo cha Sanaa cha Prussia, alikochaguliwa kuwa mwanachama 1919. Litografia inapokea mguso mwepesi wa krayoni kama karatasi ya kawaida, mkono uliochoka unaweza. Litografia zake nyingi alizichora kwenye karatasi ya kuhamishia kisha zikakandamizwa jiweni, hivyo picha inageuka mara mbili na kutoka ilivyochorwa. Anayepima mkono upi umemshika mtoto akumbuke hilo.

Litografia yake ya mwisho, 1941–42: *Mbegu za Kupandia Hazisagwi*. Mama mzee katanua mikono kama paa, wavulana watatu chini ya koti lake wanachungulia nje. Maneno ni ya mshairi Goethe, na alikwisha kuyatumia Oktoba 1918 kwenye gazeti la Vorwärts, akimjibu mshairi Richard Dehmel aliyetaka watu zaidi wajitolee vitani. Mkulima yeyote wa kwetu anaielewa bila tafsiri: njaa iume vipi, mbegu ya msimu ujao haiendi kinuni.

#16 Mwanakombo_K

Na mjukuu wake?

#17 BobariNaWino

Mjukuu aliitwa Peter pia. Aliuawa Urusi Septemba 1942. Picha ilikuwa imekwisha miezi kadhaa kabla. Kama ile ya 1903, imetangulia.

#18 Kijana_wa_Plaiwudi

Wakubwa, shikamooni. Nataka kuanza na mchongo mdogo wa mama na mtoto kwa mtindo huu. Nianzie wapi ili nisiharibu?

#19 PatasiYaMvule

Marahaba mwanangu. Anza na sm 15 kwa 20. Usichonge uso kwanza. Chonga mkono mmoja tu wa mama juu ya mgongo wa mtoto, ukubwa wa nusu ya mbao, vidole vitano, na vingine vyote uviache vyeusi. Chapa nakala moja hapo hapo kabla hujaendelea, iandike tarehe, iweke ukutani. Chonga michirizi kumi, chapa tena. Ukifika nakala ya nne au ya tano utaona ipi kati yake ilikuwa imetosha, na kwa kawaida si ya mwisho. Basi chukua kipande kingine cha plaiwudi, uanze tena ukijua pa kusimama.